Binti yetu amepangiwa hisabati ya juu darasa la sita: tukubali, au tujaze fomu ya kumtoa?

MamaTatu (Fort Worth) ameuliza:

Habari zenu, ndugu wazazi. Naomba ushauri, hasa kwa wale ambao watoto wao wamepita au wanapita katika shule za kati (darasa la sita hadi la nane) hapa Texas. Binti yetu amemaliza darasa la tano, na wiki iliyopita tulipokea barua kutoka shuleni ikisema kwamba, kutokana na alama zake za hisabati katika STAAR, yaani mtihani wa jimbo, amepangwa moja kwa moja katika darasa la hisabati ya juu atakapoanza la sita mwezi wa nane. Barua imeambatana na fomu fupi ambayo mzazi asiyetaka anatakiwa aijaze na kuirudisha kabla shule hazijafunguliwa. Asipoijaza, mtoto anaingia. Hatukuomba nafasi hiyo wala hatukuhojiwa, na nilipopiga simu nilijibiwa kwa upole kwamba huo ndio utaratibu wa jimbo zima.

Baba yake hataki hata kuiona fomu hiyo. Alisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) huko nyumbani, na kwake yeye suala la mtoto kupewa hisabati ya juu na wazazi wake kuikataa halina mjadala. Mimi ndiye ninayesita. Tulihamia hapa kutoka Mwanza alipokuwa darasa la pili. Jedwali la kuzidisha alilijua kwa kichwa kabla hajajua Kiingereza, na hadi leo ukimpa hesabu tupu anazimaliza kabla ya wenzake. Ukimpa hesabu za maneno, hasa zile ndefu zenye majina ya watu na bei za vitu, anakwama. Juzi nilimketisha mezani nikampa swali nililolikuta kwenye karatasi za mazoezi: shati limepunguzwa bei kwa asilimia 20, na sasa linauzwa dola 24, je, bei yake ya mwanzo ilikuwa kiasi gani? Alitafuta asilimia 20 ya 24, akapata 4.80, akajumlisha, akaniandikia 28.80 kwa mwandiko mzuri na kulipigia jibu mistari miwili kama alivyofundishwa. Alikuwa na uhakika kabisa, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko kosa lenyewe.

Zaidi ya hayo, mimi nafanya kazi zamu ya usiku na baba yake husafiri, kwa hiyo jioni nyingi anayesimamia kazi za nyumbani ni kaka yake wa darasa la kumi, ambaye naye ana mambo yake. Naomba kufahamishwa mambo matatu. Darasa hilo linafundisha nini hasa kinachozidi darasa la kawaida? Tukikataa sasa, je, anaweza kuingia baadaye? Na tukikubali akashindwa, inaacha alama gani katika kumbukumbu zake za masomo?

Mwl. Hisabati (Houston) amejibu:

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Nafundisha hisabati katika shule ya kati hapa, na kabla ya hapo nilifundisha sekondari Morogoro, kwa hiyo naielewa hofu yako na ya mwenzako pia.

Kwanza niondoe dhana moja ambayo wazazi wengi tuliosoma Afrika Mashariki huja nayo. Hisabati ya juu katika shule ya kati haifanani hata kidogo na ile ya kidato cha tano ambayo baba yake anaikumbuka. Kwetu aljebra, jometri na takwimu hufundishwa kwa kuchanganywa kila mwaka, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Hapa kila tawi limepewa mwaka wake: Aljebra ya kwanza, kisha Jometri, kisha Aljebra ya pili, na kuendelea. Mwanafunzi wa kawaida huanza Aljebra ya kwanza darasa la tisa. Mwanafunzi wa hisabati ya juu huianza darasa la nane, na ili afike huko, mtaala wa miaka mitatu, yaani la sita, la saba na la nane, hubanwa ukafundishwa kwa miaka miwili. Katika wilaya nyingi za shule, la sita husoma mtaala wote wa la sita pamoja na nusu ya ule wa la saba, halafu la saba humalizia nusu iliyobaki na kusoma wote wa la nane. Hakuna mada ya ajabu ndani yake. Kinachobadilika ni mwendo.

Sasa kuhusu kutoulizwa. Mwaka 2023 Texas ilipitisha sheria inayozitaka wilaya za shule kumwingiza moja kwa moja katika hisabati ya juu kila mwanafunzi aliye katika asilimia 40 ya juu ya mtihani wa hisabati wa darasa la tano, au ya kipimo cha wilaya kinachozingatia mtihani huo, na mzazi akabaki na haki ya kumtoa. Zamani nafasi hizi zilitegemea mwalimu ampendekeze mtoto au mzazi ajue kuziomba, na unaweza kukisia ni wazazi wa aina gani waliojua kuziomba. Wilaya ya Dallas ilikuwa imeshaanza utaratibu huo tangu 2019, na idadi ya watoto weusi, wa Kilatino na wale wanaojifunza Kiingereza walioingia katika madarasa hayo ilipanda sana. Nasema haya ili ujue kwamba mtoto anayejifunza Kiingereza kama lugha ya pili ni mmoja wa wale hasa ambao utaratibu huu umewafungulia mlango, na hakuna aliyekosea kwa kumweka humo.

Kuhusu shati: swali ulilompa ni la darasa la sita. Kutafuta kitu kizima pale unapojua sehemu yake na asilimia ndicho atakachofundishwa mwaka ujao, kwa hiyo umempima kwa jambo ambalo bado hajafundishwa, na kosa alilofanya ni lile lile linalofanywa na karibu kila mtoto anapokutana nalo kwa mara ya kwanza. Mimi ningempima kwa yale anayopaswa kuwa ameyamaliza, kwa sababu mwalimu wa hisabati ya juu hatakuwa na muda wa kuyarudia. Mpe 2/3 + 1/4. Muulize kati ya 0.6 na 0.58 ipi ni kubwa na kwa nini. Mpe hesabu yenye mabano na alama nne zote uone kama Magazijuto bado anaikumbuka. Halafu mpe 1/3 ÷ 4, na hapa usikubali jibu tupu. Mwambie achore mchoro unaoonyesha kwa nini jibu ni 1/12.

Jambo la muhimu kuliko yote ni kwamba umuulize kwa Kiswahili. Umeeleza kwamba hesabu tupu anaziweza na za maneno zinamkwamisha, na hali hiyo inaweza kuwa na sababu mbili ambazo kwa nje zinafanana kabisa. Akiweza kukueleza kwa Kiswahili kwa nini jibu ni hilo, basi tatizo lake ni Kiingereza, na Kiingereza hakitamsubiri katika darasa la kawaida, kwa maana hesabu za maneno zimejaa huko pia, na atakuwa anazifanya kwa mwendo unaomchosha. Akishindwa kukueleza kwa lugha yoyote, akabaki kusema kwamba ndivyo kanuni ilivyo, basi anazijua hatua bila kujua maana yake, na hapo ndipo hisabati ya mwendo wa kasi humuumiza mtoto, kwa sababu mada zinazobanwa zaidi ni uwiano, asilimia na namba hasi, ambazo ndizo aljebra inazozikalia. Katika hali ya kwanza, ukijaza fomu ile utakuwa umemwadhibu mtoto kwa lugha yake. Katika hali ya pili, nakubaliana na kusita kwako.

Baba wa Arlington amejibu:

Namshukuru mwalimu kwa maelezo yake, lakini naomba niweke uzito upande wa pili, kwa sababu barua kama hiyo sisi tuliipokea na tukaikubali kwa furaha.

Mwanangu hakupata shida darasa la sita. Alipata A na B, na sote tukajua mambo yamekwisha. Tabu ilianza la saba, na nadhani kila mzazi aelezwe hivyo waziwazi, kwa kuwa mwaka wa kwanza hauonyeshi chochote. Ndani ya mwaka huo mmoja walimaliza nusu ya la saba, wakaingia mteremko wa mstari, kanuni ya Pythagoras, ujazo wa umbo la pia na wa tufe, na milinganyo yenye herufi pande zote mbili. Kila mada ilikaa siku chache, ikafuatwa na jaribio, na mada nyingine ikaanza keshoye. Tuliomba kumrudisha katika darasa la kawaida mwezi wa kumi na moja, tukaambiwa ratiba imejaa tusubiri mwaka uishe. Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeanza kuamini kwamba yeye ni mjinga, miezi saba ni mingi mno. La nane alisoma hisabati ya kawaida, Aljebra akaianza la tisa, na sasa anasaidia wenzake.

Kwa hiyo, dada, pamoja na kumpima binti yako, ipime na shule. Uliza kwa maandishi: mtoto anaweza kutoka lini, na anayeidhinisha ni nani? Kuna msaada wa ziada baada ya masomo, na je, basi la jioni lipo kwa watoto wanaobaki? Kwa familia ambayo wazazi hawapo jioni, basi hilo ni muhimu kuliko mtaala. Uliza pia kama Aljebra ya shule ya kati inaingizwa katika GPA, yaani wastani wa alama, ya sekondari, kwani wilaya hazifanani katika hili. Kwetu inaingizwa, maana yake C aliyoipata mtoto akiwa na miaka kumi na mitatu inamfuata hadi anapoomba chuo.

Nikiri upendeleo wangu: siamini kwamba kila mtoto lazima afike kalkulasi kabla ya kumaliza sekondari. Huyu wangu anataka uuguzi, na takwimu zitamfaa zaidi.

Mwl. Hisabati (Houston) amejibu:

Kaka, hoja yako kuhusu la saba ni ya kweli tupu, na ningetamani shule ziiandike kwenye barua zao. Hoja ya GPA naiongezea jambo moja. Aljebra ya kwanza ni miongoni mwa mitihani ya mwisho wa somo ambayo mwanafunzi wa Texas hutakiwa kuifaulu ili ahitimu sekondari, na anayeisoma darasa la nane hufanya mtihani huo hapo hapo, badala ya STAAR ya hisabati ya la nane. Akiufaulu, ameutua mzigo huo mapema. Asipoufaulu, anaruhusiwa kuurudia, tena bado ana miaka minne mbele yake. Kwa upande wa mtihani, hasara ya kuanza mapema ni ndogo. Alama za darasani ndizo za kuulizia, kama ulivyosema.

Tunatofautiana kwenye kalkulasi. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hajui anataka nini, na hata akikuambia anataka uuguzi, mwakani atakuambia jingine. Sikatai takwimu, ninachokataa ni mtu mzima kuamua leo, kwa niaba ya mtoto, kwamba uhandisi si wake.

Furaha_Denton amejibu:

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa tatu, na naomba kuchangia kwenye swali la mama kuhusu kuingia baadaye, kwa sababu njia hiyo ndiyo niliyoipita.

Nilizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na huko tulisoma mtaala wa Kongo, hisabati yote kwa Kifaransa. Nilipofika Texas nikiwa darasa la nane, hakuna aliyenipima hisabati. Walinipima Kiingereza, wakaniweka walikoniweka. Kwa hiyo Aljebra ya kwanza niliisoma la tisa, katika chumba ambacho mwalimu alieleza kwa wiki tatu milinganyo niliyokwisha kuimaliza kambini. Ukihesabu mbele kutoka hapo, unapata Jometri la kumi, Aljebra ya pili la kumi na moja, maandalizi ya kalkulasi la kumi na mbili, na sekondari inaisha hujaigusa kalkulasi yenyewe, ilhali chuoni muhula wa kwanza wa uhandisi unaanza nayo.

Mimi niliifikia kalkulasi kwa kusoma Jometri na Aljebra ya pili ndani ya mwaka mmoja. Shule iliniruhusu kwa sababu mwalimu mmoja alinisimamia, lakini ilinibidi niache kwaya na somo la kompyuta, na mwaka huo sikuwa na jioni. Ipo pia njia ya mtihani: wilaya za Texas zinatakiwa kutoa nafasi ya kufanya mtihani wa somo ambalo hujafundishwa, na ukipata asilimia 80 unapewa krediti na kuliruka. Nililisikia hilo nikiwa la kumi na moja. Kwa hiyo, mama, mlango haufungwi ukikataa sasa. Ila anayeufungua baadaye ni mtoto mwenyewe, akiwa na mambo mengine mengi, na lazima awe na mtu wa kumwambia kwamba upo.

Kuhusu lugha namuunga mkono mwalimu. Nilikaa mwaka mzima katika darasa nililolizidi kwa sababu ya Kiingereza, na Kiingereza chenyewe sikukipata humo. Nilikipata kwenye darasa la biolojia, ambako nililazimika kuuliza.

Mzazi_Nakuru amejibu:

Nimesoma haya nikiwa Kenya, na ingawa hali zetu ni tofauti, nimejikuta nikiwahurumia. Huku uamuzi wa namna hii huja mtoto anapomaliza gredi ya tisa na kuchagua mkondo wa sekondari ya juu: wanaochukua sayansi na teknolojia husoma hesabu nzito, na wa mikondo mingine husoma nyepesi zaidi. Mtoto huwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano, na ana maoni yake. Mnaoamua mtoto akiwa na kumi na mmoja mna kazi. Je, mama, binti mwenyewe anasemaje? Sijaona sauti yake popote katika mazungumzo haya.

MamaTatu (Fort Worth) amejibu:

Nawashukuru nyote, na kwa dada wa Nakuru, swali lako limenigusa. Binti alikuwa ameniambia kwamba hataki, na nilipomdadisi akasema ni kwa sababu rafiki yake wa karibu hakupangwa humo. Niliichukulia kuwa sababu ya kitoto. Jana tumeongea vizuri, nikagundua kwamba hofu yake ni kukaa peke yake katika chumba ambacho wengine wote wanaongea haraka. Hilo si la kitoto.

Mwalimu, nimefanya kama ulivyoagiza. Sehemu alijumlisha akapata 11/12 bila kusita. Kwenye 1/3 ÷ 4 aliandika 1/12 mara moja, nikamwambia achore na anieleze kwa Kiswahili. Alichora mstatili, akaugawa mara tatu, akapaka rangi kipande kimoja, akakikata mara nne, kisha akanyamaza. Nilidhani amekwama. Kumbe alikuwa anaendeleza mistari ile hadi kwenye vipande vingine viwili ili aonyeshe kwamba vyote ni kumi na viwili, akasema, "Mama, usipovikata na hivi, huwezi kujua hiki ni sehemu ya ngapi." Baba yake, aliyekuwa anasikiliza kwa simu, alicheka kwa sauti.

Halafu nikamrudishia swali la shati, safari hii kwa Kiswahili. Kabla hajaandika chochote aliniuliza, "Asilimia 20 ya bei ipi, ya zamani au ya sasa?" Nilimwambia ya zamani. Alifikiri sana, akaanza kujaribu namba: 28, kisha 29, kisha 30. Hakujua njia, ila safari hii alijua anatafuta nini.

Fomu sitaijaza. Nimemwandikia mshauri wa wanafunzi barua pepe yenye maswali ya Baba wa Arlington karibu yote, nikaomba pia apangwe katika kipindi ambacho yupo angalau mtoto mmoja anayemfahamu. Bado sijajibiwa. Je, mwalimu, nisubiri hadi lini kabla ya kujua kama mwendo unamshinda?

Mwl. Hisabati (Houston) amejibu:

Dada, usingoje ripoti ya mwisho wa muhula. Jaribio la kwanza lenye uzito hutolewa kati ya wiki ya nne na ya sita. Omba akuletee karatasi yenyewe, si alama peke yake, maana alama za kazi za nyumbani na za kushiriki darasani huweza kuificha hali halisi. Angalia maswali aliyokosa. Akiwa amekosa kwa kutolielewa swali, mwandikie mwalimu wake umkumbushe kwamba anastahili msaada wa lugha hata katika darasa hilo, kwa sababu haki hiyo haiishii mlangoni mwa hisabati ya juu. Akiwa amekosa hesabu za sehemu na namba hasi, omba kikao wiki hiyo hiyo, mkiwa bado mna nafasi ya kubadilisha ratiba. Na ukifika mwezi wa kwanza wa masomo ya la saba, rudia zoezi hili lote upya, kwa sababu aliyoyasema Baba wa Arlington kuhusu mwaka huo ndivyo yalivyo hata huku kwetu.

Kaka yake wa darasa la kumi naye asiachwe. Mpe kazi ya kumuuliza "kwa nini" tu, bila kumfanyia. Hiyo haitamchukua zaidi ya dakika kumi.